Prizi Tatu za Jikoni Kwetu, na Yule Niliyemsingizia



Najua wengi mlipoona jina la doyeni chini ya ukurasa huu mlisema, “Ataanza tena mambo ya kuchelewa na shati kuwa nje.” Hapana. Leo siandiki juu ya makosa yenu, naandika juu ya langu. Lilinipata nyumbani, jikoni kwa mama, juu ya prizi tatu zilizokataa kufanya kazi. Nitaeleza kwanza namna mtu anavyotafuta ugonjwa wa prizi, maana nyumba nyingi hapa Uvira zina ugonjwa huo na watu wanapoteza mali bure. Mwishoni nitasema kwa nini nilikwenda kwa mkurugenzi wa nidhamu siku ya Jumatatu kufuta jina fulani.

Mambo yalianza hivi. Siku ya Alhamisi umeme ulirudi kwetu baada ya kukosekana siku tatu. Mnajua furaha ya saa ile: watoto wanapiga kelele mtaa mzima, na kila mtu anakimbia kuchaji simu. Mama alikuwa amenunua mikeke Kalundu asubuhi, beseni mbili zimejaa, akaiweka ndani ya frigo yake kubwa, ile anayofanyia biashara. Mikeke ile haikuwa mikeke tu. Ilikuwa ni feza yangu ya kushiriki Egzameni ya Serikali. Mama alikuwa amepanga kuiuza Jumamosi kwa wateja wake wanaopanda Bukavu.

Kwenye saa moja ya usiku nikasikia mama anaita: “Njoo uone! Frigo inanyamaza.”

Nikaenda. Ampuli ya jikoni inawaka vizuri, lakini frigo haina sauti. Prizi ya pili, tulipochomeka chaji ya simu, hakuna kitu. Ya tatu vilevile. Prizi tatu zimekufa pamoja, na ampuli juu yao inawaka kama inazicheka.

Kwenye ile prizi ya tatu kulikuwa na resho ya umeme. Mudogo wangu, ambaye ana miaka kumi na mbili, alikuwa amepikia sombe saa kumi na moja. Mimi sikuuliza hata neno moja. Nikasema mbele ya mama na mbele ya jirani aliyekuwa amekuja kuomba chumvi: “Ni huyu. Ameunguza umeme na resho yake.”

Mudogo akasema, “Yaya, haiko mimi. Sombe iliiva, nikazima resho, nikaenda kuoga. Wakati nilirudia hapa nilikuta imeisha kufa.”

Nikamjibu, “Weye unasemaka hivyo kila siku.”

Mama akamkataza mpira wa Jumamosi. Akaenda kulala bila kumaliza chakula, nami nikasimama pale kama hakimu aliyemaliza kesi.

Halafu nikaanza kutengeneza. Mimi nasoma mwaka wa sita, fizika ninaipenda, kwa hiyo nilijiona fundi. Nikaenda kwenye kisanduku cha umeme, nikashusha ile disjonkteri ya jikoni mpaka chini, nikaipandisha. Prizi hazikubali. Nikachukua turunevisi ya kupimia, ile yenye kataa kadogo ndani ya mkono wake. Nikaiingiza tundu la kwanza la prizi ya pili: kataa kakawaka. Nikaiingiza tundu lingine: kakawaka pia! Nikamwambia mama, “Umeme iko, tena mingi, matundu yote mbili. Kwa hiyo ni frigo njo imekufa.”

Mama alikaa kwenye kigoda bila kusema. Halafu akasimama, akafunga kitambaa kiunoni, akatoa mikeke yote nje. Aliipasua moja moja, akaitia chumvi, akawasha moto wa kuni nyuma ya nyumba na kuibanika usiku kucha. Mimi nilimsaidia mpaka saa nane, nikalala. Yeye hakulala. Wote tunajua kwamba mkeke wa kubanikwa kwa haraka haufikii bei ya mkeke mbichi uliokaa kwenye baridi. Nao waliolegea sana hatukuweza kuwauza, tuligawia majirani.

Asubuhi ya Ijumaa mama alimwita muzee mmoja wa mtaa wetu, fundi wa umeme tangu ujana wake. Alikuja na mfuko mdogo na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakugusa kitu. Alikaa, akaomba maji ya kunywa, akaanza kuniuliza maswali kama mganga.

“Mutoto wangu, nini inakataa?”

“Prizi tatu za jikoni, baba.”

“Na ampuli?”

“Ampuli inawaka.”

“Frigo, muliijaribu kwa prizi ya salon?”

Nikanyamaza. Hatukuijaribu. Ralonji ilikuwa kabatini, na salon iko hatua sita kutoka jikoni. Muzee akatuma mudogo aiteremshe. Tukachomeka frigo kwa ralonji, ikanguruma palepale. Mama aliniangalia mara moja tu, akageuza uso. Wenzangu, mtazamo ule ulinichoma kuliko kiboko. Dakika mbili zingeokoa beseni mbili.

Muzee akaendelea, “Na nini ingine haitembei mu nyumba?”

Nikasema, “Hakuna, baba. Ni taa yangu ya kusomea tu, lakini ile ampuli yake iliungua jana.”

Akacheka. “Tu? Nani amekuambia iliungua? Iko inatoka wapi umeme ya ile taa?”

Hapo mwili wangu ukawa baridi. Majuma mawili yaliyopita nilikuwa nimefungua prizi ya kwanza ya jikoni, ile iliyo nyuma ya frigo, kwa sababu ukuta wake ndio ukuta wa chumba changu. Nilichomoa fili mbili, nikazipitisha kwenye tundu la ukuta, nikapata taa ya kusomea. Sikumwambia mtu. Nilifurahi sana kwa akili yangu. Na usiku ule wa Alhamisi taa ile ilipokataa kuwaka, nilisema tu kwamba ampuli imeungua, nikalala. Ushahidi ulikuwa juu ya meza yangu mwenyewe, nami nilikuwa nautafuta kwa mudogo wangu.

Sasa nieleze alivyofanya muzee, nanyi mfuate vizuri.

Kwanza alisema: ukiona ampuli inawaka na prizi zimekufa, usishangae. Katika nyumba nyingi taa zina njia yao na prizi zina njia yao, kila njia na disjonkteri yake. Kwa hiyo ampuli haiwezi kuwa shahidi wa prizi.

Pili, disjonkteri. Alisema nilifanya vizuri kuishusha mpaka mwisho kabla ya kuipandisha, maana ikiisha kuruka inaweza kukaa katikati na ukadhani imepanda. Lakini haikuwa imeruka. Disjonkteri inaruka kwa mambo mawili: umeme kupita kiasi, au fili mbili kugusana. Fili ikikatika au ikilegea, umeme haupiti kupita kiasi, haupiti kabisa. Kwa hiyo disjonkteri inatulia tu, haina habari.

Tatu, ile taa ya turunevisi iliyonidanganya. Umeme unaingia kwa fili moja, fazi, unafanya kazi ndani ya chombo, unarudi kwa fili ya pili, netri. Ni kama mtu anayetoka Uvira kwenda Baraka: akiwa na gari la kwenda na hana la kurudi, biashara haifanyiki. Kwetu fazi ilikuwa nzima, netri ndiyo iliyokatika. Fazi ilifika kwenye prizi, ikapita ndani ya frigo na ndani ya taa yangu, ikatokea upande wa netri, ikakosa njia ya kurudi. Ndiyo sababu matundu yote mawili yaliwasha kataa ka turunevisi. Muzee alichomoa frigo na taa yangu, akapima tena mbele yangu: tundu moja tu likawaka. Akasema, “Ukiona matundu mbili inawaka na kitu haitembei, usiseme umeme iko mingi. Sema netri imekatika. Na usiiguse kwa mkono, juu netri ya namna hiyo inapiga sawa fazi.”

Halafu alitoa mashini yake ya kupimia volti. Kwenye salon ilionyesha karibu 210. Jikoni, kati ya fazi na netri, namba ndogo ndogo zinazorukaruka. Ndiyo kipimo cha kweli. Turunevisi inasema tu kama umeme umefika. Haisemi kama una njia ya kurudi.

Nne, mahali pa kutafuta. Prizi za jikoni kwetu zimefungwa kwa kufuatana: umeme unafika kwenye ya kwanza, kutoka hapo unaenda ya pili, halafu ya tatu. Ikikufa ya tatu peke yake, fungua ya tatu, au tazama ya pili inapoitoa. Zikikufa zote, usianze na ile ya mwisho iliyo karibu na resho. Anza na ya kwanza, na njia inayofika kwake. Mimi nilitazama ya mwisho kwa sababu mtu niliyetaka kumlaumu alikuwa amesimama pale.

Tano, kabla ya kufungua. Muzee alizima disjonkteri kubwa ya nyumba nzima, siyo ile ya jikoni tu. Akamwambia mudogo wangu, “Weye kaa hapa kwa kisanduku. Hata mama yako akisema washa, usiwashe mpaka mimi niseme.” Halafu akapima tena kwenye prizi kuhakikisha kwamba kweli hakuna kitu. Alisema fundi anayeruka hatua hiyo hazeeki.

Alipofungua prizi ya nyuma ya frigo, harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka. Fili ya bluu, ile netri inayotoka kwenye kisanduku, ilikuwa imechomoka chini ya visi, ncha yake nyeusi. Chini ya visi ileile palikuwa na fili yangu ya taa. Muzee akanionyesha. Fili ya nyumba ni shaba moja ngumu ya milimita mraba 2.5. Yangu ilikuwa ya nyuzi nyingi laini, nyembamba. Nilipoziweka pamoja chini ya visi moja, visi ilibana ile laini ikakaa upande, na ile ngumu ikabaki inacheza. Umeme ulipita hapo kwa taabu majuma mawili.

Nilimwuliza kama resho haina kosa. Akaniambia tufanye hesabu, kwa kuwa mimi ni mtu wa masomo. Resho yetu ni ya wati 1,500. Gawanya kwa volti 220, unapata kama ampea 7. Disjonkteri ya jikoni ni ya ampea 16, na fili ya 2.5 inabeba hizo bila shida. Kwa hiyo resho ilikuwa ndani ya haki yake. Lakini mahali palipolegea pakiwa na ukinzani wa omu moja tu, zidisha 7 kwa 7 kwa 1: unapata wati 49. Ni kama kufungia ampuli ndogo inayowaka ndani ya kiboksi cha plastiki ukutani. Kila mara mudogo alipopika, kidonda changu kilipata moto, mpaka siku ile kikapasuka. Tena muzee akasema tumshukuru Mungu kwamba fili ilichomoka. Ingebaki pale ikiungua polepole nyuma ya frigo, tungeamka usiku nyumba inawaka.

Nilijaribu kujitetea kidogo. Nikasema labda ni unyevu. Tangu mto Mulongwe ulipofurika usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, na tena ziwa lilipopanda sana mwaka 2024, prizi za chini katika nyumba nyingi ziliingia maji na matope. Muzee akakubali kwamba huo ni ugonjwa wa kweli: shaba inaota kutu ya kijani, na prizi iliyozama haikaushwi kwa jua tu ikarudishwa, inabadilishwa. “Lakini,” akasema, “baba yako alipandisha zenu mpaka kifua. Hapa maji haikufika. Hapa ulifika weye.”

Akakata ncha iliyoungua, akamenya fili mpya, akaweka prizi mpya maana ile ya zamani ilikuwa imeyeyuka ndani. Fili zangu alizitoa kabisa. Kila fili aliyoibana aliivuta kwa nguvu kuona kama inatoka. Akafunga, akaita mudogo awashe, akapima: karibu 210. Alichomeka chaji kwanza, halafu resho, na mwisho kabisa frigo. Kazi yote haikumaliza saa moja.

Nikiwa nimeshika ile prizi iliyoyeyuka, nilifikiri jambo moja. Umeme wetu unatoka mto Ruzizi, unaotoka ziwa Kivu penye urefu wa mita 1,460 hivi na kushuka mpaka Tanganyika penye mita 770 hivi. Ruzizi ya kwanza ilianza kutoa umeme mwaka 1958, na ya pili, ya ushirika wa Congo, Rwanda na Burundi, mwaka 1989. Maji yale yote yanaanguka, umeme unavuka milima na bonde, unafika mpaka ukuta wa jiko la mama, halafu unashindwa na visi moja iliyolegezwa na mtoto mwenye kiburi.

Muzee alipoondoka nilimwita mudogo wangu. Nilimwambia mbele ya mama, na nikamwomba mama amwite pia yule jirani wa chumvi, kwa sababu nilimsingizia mbele yake. Nilisema, “Ni mimi. Ile taa yangu njo iliharibu. Nisamehe.” Mudogo hakusema maneno mengi. Aliuliza tu, “Sasa mpira?” Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Alicheza Jumamosi. Mimi nilibeba mikeke ya kubanikwa sokoni, na feza iliyopungua ninaifanyia kazi ya kubeba mchanga kila Jumamosi mpaka leo.

Sasa Jumatatu. Mnakumbuka ampuli ya darasa la mwaka wa nne iliyovunjika juma lile. Mimi ndiye niliyeandika jina la mwanafunzi mmoja kwenye karatasi ya nidhamu. Alikuwa anakaa chini ya ampuli ile, na alikuwa na jina baya tangu zamani. Sikumwuliza. Sikuuliza wenzake. Nilifanya kama nilivyofanya jikoni: nilitazama prizi ya mwisho, nikamkamata aliyesimama karibu. Yeye alisema, “Doyeni, haiko mimi,” nami nilimjibu maneno yaleyale niliyomjibu mudogo wangu.

Jumatatu asubuhi kabla ya kengele nilikwenda kwa mkurugenzi wa nidhamu nikamwambia kwamba jina lile niliandika bila ushahidi, naomba lifutwe. Labda ni yeye aliyevunja, labda siye. Mimi sijui, na mtu asiyejua haandiki. Mkurugenzi alinyamaza kidogo, akachukua kalamu nyekundu, akalipiga mstari. Halafu akaniambia nikamwambie mwenyewe. Nilimwambia wakati wa mapumziko, chini ya mwembe, na wenzake walikuwapo. Sasa naliandika hapa kwa sababu karatasi ya kwanza ilibandikwa ukutani, na wote mliisoma.

Kabla sijamaliza, kwa wale walio na prizi zilizokufa nyumbani:

1. Uliza kwanza: nini kinakataa, nini kinakubali, na nini kimebadilishwa siku hizi. Usidharau kitu kidogo.

2. Jaribu chombo kwenye prizi nyingine iliyo nzima, na jaribu kitu kizima kwenye prizi mbovu. Okoa kwanza vyakula.

3. Shusha disjonkteri mpaka mwisho, ipandishe mara moja. Ikiruka tena, usiilazimishe, ita fundi.

4. Turunevisi yenye taa haitoshi. Matundu mawili yakiwaka, fikiri netri.

5. Ukiona weusi, ukisikia harufu ya plastiki, au prizi ikiwa na joto mkononi, zima na usitumie tena.

6. Kufungua prizi ni kazi ya fundi. Na nyumba nzima izimwe, na mtu akae kwenye kisanduku.

7. Usiunganishe fili kwa siri. Ukifanya jambo kwenye umeme wa nyumba, sema.

Nimebakiza miezi michache kuwa doyeni wenu. Mkiona tena ninaandika jina bila kuuliza, ninawapa ruhusa mnikumbushe mikeke ya mama.



Ni mimi doyeni wa wanafunzi,
mwaka wa sita.